Siku 160 za Kumpandisha Kiberiti Ndege

Siku 160 kabla ya safari

Leo nimesaini mkataba wa kazi ya ng'ambo, na kilichonijia kichwani kwanza si nguo wala nyumba. Ni paka. Kiberiti ana miaka minne na kilo 5 na nusu, na jina lake halikutokana na rangi. Mguse wakati hataki kuguswa, utaelewa mwenyewe. Wazo la kumwachia jirani lilidumu kama dakika mbili hivi, likafa.

Nilidhani ni kununua begi, kumlipia nafasi, kuondoka. Jioni nzima nimeshinda nasoma masharti na sasa kichwa kinaniuma. Kumbe ndege ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye ugonjwa mmoja, kichaa cha mbwa, ambao pamoja na jina lake huwapata paka na binadamu vilevile, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Nchi zilizoutokomeza hazina masihara nao. Japani inataka zipite siku 180 tangu damu ya mnyama ichukuliwe kwa kipimo. Australia humweka karantini akishatua. Uingereza haimruhusu paka wa nyumbani kuingia akiwa kabini na mwenyewe. Anafika kama mzigo, na hati zake za mzigo. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mnyama anayetoka nchi isiyo kwenye orodha zao, zinataka chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo, kipimo cha damu, kisha miezi mitatu ya kungoja. Ninakokwenda mimi masharti ni ya namna hiyohiyo.

Kazi inaanza baada ya miezi mitano na ushee. Nimehesabu kwa vidole. Inatosha, lakini haina nafasi ya kuchezea.

Siku 157

"Mama Kiberiti, karibu!" Ndivyo ninavyoitwa kwa daktari wa wanyama, jina langu hawalijui wala hawalitaki.

Nilikwenda nikijiamini. Kitabu cha chanjo ninacho, chipu anayo. Daktari akapitisha skana mabegani mwa Kiberiti, ikalia, namba ya tarakimu 15 ikatokea kwenye kioo. Chipu yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, haina betri, wala haioneshi paka yuko wapi kama watu wengi wanavyodhani. Inatoa namba tu pale skana inapoiamsha. Muhimu iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO 11784 na 11785, maana ya kiwango kingine inaweza isisomeke na skana za mpakani.

Halafu akafungua kitabu, akanyamaza. Nikajua kuna jambo.

"Dada, chanjo ya kichaa cha mbwa ilichomwa lini?"

Nikamwonesha.

"Na chipu?"

Wiki tatu baadaye. Akaweka kalamu chini. "Basi kwa karatasi, huyu paka hajachanjwa."

Nilibisha, nikabisha tena, kisha nikaelewa. Siku ya sindano Kiberiti hakuwa na namba. Nani atathibitisha kwamba aliyechomwa ndiye huyu na si paka mwingine wa rangi hii? Chipu lazima itangulie, au viwekwe siku moja, chipu kwanza. Kule tulikochanjia mwanzo, ambako sitakutaja, nilisema wazi kwamba huenda nikasafiri naye siku moja. Hakuna aliyefungua mdomo. Njiani kurudi nilikuwa bado naongea peke yangu.

Sindano ikarudiwa leo, baada ya skana. Na jambo moja ambalo ningelipita kama si daktari huyu: alinisomea namba ya kwenye skana tarakimu moja moja, nami nikawa nafuata kwa kidole kwenye kitabu. Tarakimu ya tisa ilikuwa imeandikwa 3, wakati skana inasema 8. Wino wa mtu mwenye haraka. Kosa hilo lingegunduliwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, mimi nikiwa na masanduku na paka mkononi. Kitabu kimeandikwa upya, stika ya toleo la chanjo imebandikwa, muhuri juu yake.

Siku 150

Begi limefika. Limeandikwa kwamba linakubalika na mashirika yote ya ndege. Hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu begi la namna hiyo halipo duniani. Kila shirika lina vipimo vyake, na wakati mwingine vinatofautiana kati ya ndege na ndege za shirika lilelile, kwa kuwa kinachoamua ni upana wa nafasi chini ya kiti. Shirika ninalolitazamia linataka lisizidi sentimita 46 kwa 28 kwa 24. Hili lina kimo cha 30. Nimelirudisha.

La pili nimelipima kwa futi kabla ya kulitoa lebo. Ni la kitambaa, linabonyea kidogo juu, lina wavu pande tatu na milango miwili, mmoja wa ubavuni na mmoja wa juu. Mlango wa juu ndio uliofanya nilichague. Paka asiyetaka kutoka ubavuni hutolewa kwa juu kama mtoto kitandani, bila kuvutana miguu.

Siku 148 hadi 128

Hapa naandika kwa kirefu, maana hizi wiki tatu ndizo safari yenyewe. Yaliyobaki ni karatasi.

Paka wengi hulijua begi kwa jambo moja tu: likitoka kabatini, wanakwenda kuchomwa sindano. Basi begi nililiacha sebuleni, mlango wazi, ndani nimetandika fulana yangu niliyoivaa siku mbili bila kuifua. Sikumwita. Siku ya kwanza alilizunguka kwa mbali. Siku ya pili akanusa kona, akasugua shavu lake pale. Shavu la paka lina tezi za harufu; akisugua, anaandika kwamba kitu hiki nakifahamu. Nilifurahi kama nimepokea barua.

Bakuli la chakula nikaanza kulisogeza. Kwanza hatua moja kutoka begini, kesho mlangoni, keshokutwa kichwa ndani na makalio nje. Siku ya sita akaingia mzima, akala, akatoka, hakuna aliyepiga makofi.

Kisha zipu. Sikuwa nimeifikiria zipu. Sauti yake ilimrusha kama amemwagiwa maji, akajificha nyuma ya pazia mpaka usiku. Ikabidi niifundishe peke yake: anakula, mimi nimekaa pembeni navuta zipu ya koti langu, juu chini, juu chini, nikimtupia kipande cha kuku kila ikilia. Siku tatu. Siku ya nne sikio moja tu lilicheza.

Halafu nikaharibu. Ilikuwa siku ya 139. Amekaa vizuri ndani, ametulia, nikajiambia leo leo. Nikafunga zipu yote, nikalinyanyua begi, nikazunguka nalo nyumba. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha chini, kirefu. Nilipofungua alitoka kama risasi, na kwa siku nne hakulikaribia begi hata kwa chakula. Tukaanza upya kutoka bakuli la mlangoni. Funga sekunde kumi, fungua kabla hajalalamika. Nusu dakika. Dakika. Funga na kunyanyua kidogo, weka chini, fungua, kuku. Hasira zilikuwa zangu mwenyewe; yeye alifanya anachofanya paka.

Siku ya 128 nimerudi kutoka kazini nikamkuta amelala humo kwa hiari yake, mkono mmoja umening'inia nje.

Siku 126

Kipimo cha damu. Damu haichukuliwi kabla ya siku 30 kupita tangu chanjo. Leo ni ya 31. Walimnyoa kidogo shingoni. Sampuli inakwenda kwenye maabara iliyoidhinishwa, si maabara yoyote, na inatafutwa kingamwili ya kichaa cha mbwa, yaani kinga ambayo mwili umejijengea kwa chanjo: angalau yuniti 0.5 kwa mililita moja ya majimaji ya damu (seramu). Ikipungua hapo, chanjo tena, na saa inarudi sifuri.

Kiberiti amemkwaruza msaidizi wa daktari. Nimeomba radhi kwa niaba ya ukoo.

Siku 107

Majibu: 2.9. Miezi mitatu inahesabiwa tangu siku damu ilipotoka, si siku karatasi ilipotua. Nimechora mstari kwenye kalenda. Tutakuwa huru siku 34 kabla ya safari.

Siku 90

Tiketi. Usilipe yako kabla ya kuthibitishiwa nafasi ya paka. Mashirika huweka kikomo cha wanyama kabini kwa kila safari, na wakijaa wamejaa, hata kama viti viko tupu. Mengine hayapokei mnyama kabini kabisa.

Nilipiga simu mara tatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza alisema uzito wa juu ni kilo 8, paka na begi pamoja. Wa pili akasema kilo 8 za paka peke yake. Wa tatu akasema hawachukui paka, kisha akaniweka nisikilize muziki, akarudi akasema wanachukua. Nikaacha simu, nikaandika barua pepe, nikauliza maswali mawili tu. Jibu likaja kwa maandishi: kilo 8 pamoja na begi. Nimelichapa. Kiberiti na begi lake ni kilo 6.9, tuna nafasi ya kunenepa.

Nimechagua ndege ya moja kwa moja, saa tisa angani, ingawa ya kuunganisha ilikuwa nafuu. Kila uwanja wa kubadilishia ndege ni ukaguzi mwingine, kelele nyingine, na nchi nyingine yenye masharti yake hata kwa mnyama anayepita tu. Kiti ni cha dirishani. Safu ya kwanza mbele ya ukuta haifai, kwa sababu hakuna kiti mbele yako cha kusukumia begi chini yake, na safu ya mlango wa dharura hairuhusiwi.

Dada yangu ameniuliza kwa nini simpeleki sehemu ya mizigo, "alale huko kwa raha zake." Si kwamba huko hakuna hewa. Chumba wanakowekwa wanyama kina mgandamizo uleule wa kabini na hupashwa joto. Wasiwasi wangu ni wa pale chini: kusubiri kwenye kigari juani au baridini, mikono mingi, kishindo cha mashine. Kwa paka wenye pua bapa, kama Waajemi, mashirika mengi hukataa kabisa, maana njia zao za hewa ni finyu. Kiberiti pua anayo, ya kutosha na ya kuingilia mambo ya watu. Ila kama begi la kabini lingekuwa halimtoshi kugeuka na kulala, ningekubali sehemu ya mizigo na kasha gumu. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, za kusafirisha wanyama hai zinataka mnyama aweze kusimama wima, kugeuka na kujilaza bila kujikunja.

Siku 61

Mazoezi ya gari. Dakika tano kuzunguka mtaa. Alilia dakika nne na nusu, akajikojolea. Hivyo nimejifunza kutandika pedi za kunyonya mkojo, mbili, moja juu ya nyingine, ili ya juu ikichafuka naivuta na ya chini iko tayari.

Siku 54, 50, 47

Gari tena. Nikifunika begi kwa kitambaa chepesi, kilio kinapungua nusu. Nikiimba, kinaongezeka.

Siku 40

Mkanda wa kifuani. Hii si pambo. Kwenye ukaguzi wa usalama paka hutolewa begini, na paka aliyeshtuka mikononi mwa mtu katikati ya uwanja wa ndege hakamatiki. Nilimvika polepole, akaanguka ubavu kama gunia, akagoma kuinuka. Nikamsimamisha, akaanguka upande wa pili. Haumwi, nimeuliza, ndivyo paka wengi wanavyofanya wakivalishwa kitu mgongoni mara ya kwanza. Ngozi inawaambia wameshikwa. Baada ya siku kumi za kuvaa dakika chache wakati wa kula, anatembea, kwa maringo ya mtu aliyelazimishwa kuvaa tai.

Mkanda unabana pale ambapo vidole viwili tu vinapenya. Vitatu vikipita, paka naye atapita.

Siku 24

Nilikuwa nimepanga kuomba dawa ya usingizi. Daktari alitikisa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Mnyama aliyelazwa kwa dawa angani hushuka presha, hupumua vibaya, huyumba, hushindwa hata kurekebisha joto la mwili wake, na wahudumu wa kaunta wakimwona amelegea wana haki ya kumkataa. Alichokubali ni dawa ya kupunguza wasiwasi, gabapentini, kipimo akikadirie yeye mwenyewe kwa uzito wa Kiberiti, na kwa sharti kwamba tuijaribu nyumbani kwanza.

Tumeijaribu leo. Baada ya saa mbili alikuwa anatembea kama anayefikiria kila hatua, akakosea kuruka kitini mara moja, akajifanya hakukusudia kuruka. Aliitikia jina lake. Alikula. Kufika jioni amerudi kuwa yeye. Nimeandika muda wote kwenye daftari: alipomeza, ilipoanza, ilipoisha.

(Na kwa wanaosoma wakiwa na kabati la dawa karibu: parasetamoli inaua paka, hata kidonge kimoja. Msijaribu kumtuliza kwa dawa za watu.)

Siku 8

Cheti cha afya. Kina uhai mfupi. Ninakokwenda wanataka kiwe kimetolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia, kwa hiyo huwezi kukimaliza mapema ukalala. Daktari akampima joto, akamtazama macho, meno, ngozi, akajaza kurasa. Kisha nikazipeleka kwa daktari wa serikali agonge muhuri. Foleni, kikombe cha chai, foleni tena. Nimetoka na karatasi yenye mihuri mitatu, nikaikagua kama nilivyofundishwa: namba ya chipu tarakimu moja moja, tarehe ya chanjo, tarehe ya damu, jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti.

Nakala tatu. Moja mwilini, moja kwenye begi la paka, moja kwenye simu.

Siku 1

Nimemkata kucha, ncha tu, pale ambapo hakuna rangi ya waridi ndani. Mfukoni mwa begi la paka kuna pedi nne, mifuko ya plastiki, taulo za unyevu, bakuli la kukunja, chakula cha siku mbili, kiganja cha mchanga wake uliotumika ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Wa mwisho huo dada alinicheka. Ni wa kuchanganya na mchanga mpya tukifika, ili sanduku linuke kwake.

Masanduku yangu mimi nimeyafunga kwa dakika arobaini.

Siku ya safari

Saa 11 alfajiri: mlo wa mwisho, kidogo. Ndege ni saa 6 mchana, na tumbo lililojaa ndilo linalotapika. Maji sikumnyima. Saa 3 nikampa dawa. Kabla ya kutoka nyumbani nilimfungia chooni na sanduku lake la mchanga, nikasubiri nje kama mzazi wa mtoto mwenye mtihani. Alimaliza kazi yake. Nilishukuru kwa sauti.

Kaunta. Mfanyakazi alipima begi kwa fremu ya chuma, akalipima uzito, akasoma cheti ukurasa kwa ukurasa, akaniomba barua ya uthibitisho. Ile iliyochapwa. Aliisoma, akaninyoshea pasi ya kupandia ndege bila neno.

Ukaguzi wa usalama ndio niliouogopa miezi yote. Begi linapita kwenye mashine ya eksirei likiwa tupu. Paka hapiti humo hata siku moja. Niliomba chumba cha faragha, na kilipatikana, chumba kidogo chenye mlango unaofungwa. Nikafungua zipu ya juu. Kiberiti alikuwa amejibana kwenye kona, mboni zimepanuka mpaka macho ni meusi matupu. Nikazungusha kamba ya mkanda wake mara mbili kwenye kifundo cha mkono wangu, nikaingiza mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, nikamtoa. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu. Kucha nne zilipenya blauzi zikafika begani. Zile ncha nilizokata jana! Sikusogea. Mkaguzi, kijana, akanipangusa viganja kwa kijitambaa cha kupimia baruti, akasubiri mashine ijibu, akasema, "Pole sana, dada. Na yeye mpe pole." Begi likarudi. Kiberiti aliingia mwenyewe, kichwa mbele, mbio. Wiki tatu za sebuleni zililipa kwa sekunde hiyo moja.

Ndani ya ndege nikasukuma begi chini ya kiti cha mbele, mlango wa wavu ukinitazama, kitambaa juu. Injini zilipoanza kunguruma kulikuwa na nyau moja, ndefu. Mama mmoja mtu mzima kiti cha pembeni akainama.

"Mwanangu, hapo chini umeweka nini?"

"Paka, mama."

"Halii?"

"Amelia miezi mitano. Amechoka."

Akacheka, akarudisha miguu yake ili tupate nafasi.

Saa tisa angani hazina mengi ya kusimulia. Hewa ya kabini ni kavu, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 20, kwa hiyo kila baada ya muda nilichovya kidole kwenye maji nikakipitisha wavuni. Mara ya tatu alikilamba. Katikati ya safari nikaenda naye chooni, nikafunga mlango, nikafungua begi juu ya mfuniko, nikavuta pedi ya juu, ambayo ilikuwa na maji kidogo. Hakutaka kutoka wala sikumlazimisha. Ndege ilipoanza kushuka nikampa uji mzito wa kuku wa kulamba kwenye kijibomba, kwa sababu kulamba ni kumeza, na kumeza kunazibua masikio. Mtoto wa safu ya nyuma alikuwa analia kwa masikio hayohayo. Kiberiti alikuwa anajilamba sharubu.

Kwenye njia ya kutokea nilifuata upande wa wenye kitu cha kutangaza. Ofisa akasoma cheti, akaniambia nifungue zipu robo tu, akaingiza skana. Ililia mara moja. Akasoma namba kwa sauti kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, nami nikafuata kwa kidole. Ya tisa ilikuwa 8.

Siku ya 2 baada ya kufika

Hajala. Yuko chini ya kitanda tangu jana usiku. Nimempa chumba kimoja tu, mlango umefungwa: sanduku la mchanga kona moja, chakula kona ya mbali, begi wazi katikati. Nyumba nzima kwa paka mgeni si uhuru, ni uwanja wa kupotelea. Madirisha nimeyakagua yote, maana paka aliyehama akitoka siku za mwanzo atafuata nyumba ambayo haipo tena.

Naangalia saa. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta, na huo ni ugonjwa wa kumpeleka hospitali. Nimepiga simu kwa daktari wa hapa nikaandikishwa, endapo.

Saa 4 usiku nilizima taa, nikalala sakafuni kando ya kitanda, mkono nimeuweka wazi. Sikumwita. Nilisikia mchanga ukikwaruzwa kwanza, kisha meno kwenye punje kavu.

Siku ya 5

Mlango wa chumba uko wazi. Amefika mpaka jikoni, amesugua shavu kwenye mguu wa meza, kona ya friji, na goti la shemeji yangu, ambaye ana mzio wa paka na amepiga chafya mara saba akisema hakuna tatizo kabisa.

Nimetundika kalenda mpya na kuandika kwa wino mwekundu tarehe ya chanjo ijayo ya kichaa cha mbwa. Ikichomwa kabla muda wa ile ya sasa haujaisha, kipimo cha damu kinaendelea kutambuliwa. Ikipita hata kwa siku moja, tunarudi kwenye sindano, siku 30, damu, miezi mitatu.

Ni saa 9 usiku ninapoandika haya. Huko tulikotoka ndio wakati wake wa kula asubuhi, na tumbo lake halikubadilisha saa. Amenikalia kifuani, ananitazama. Acha niamke.